Zabibu Dodoma: Tangi Kwanza, Ekari Baadaye

Msimu wa mavuno ya zabibu mkoani Dodoma una sura mbili. Kwa mnunuzi ni wakati wa kuchagua. Kwa mkulima asiye na mahali pa kuhifadhi ni mbio za kuuza kabla tunda halijaoza. Mwenye lori analijua hilo, na ndiyo maana bei huanguka mwaka ule ule ambao shamba limezaa vizuri.

Ardhi haina lawama. Mvua ni chache, aghalabu milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, lakini ukavu huo hupunguza ukungu, adui mkubwa wa mzabibu, na jua kali huongeza sukari katika tunda. Wakulima wa Ulaya huvuna mara moja kwa mwaka. Dodoma huvuna mara mbili, karibu na Machi na tena Agosti hadi Septemba.

Kinachokosekana ni tangi. Familia yenye ekari mbili tatu ikikamua zabibu zake yenyewe, haiuzi tena tunda bali mchuzi wa zabibu au mvinyo kamili. Tani moja hutoa takriban lita 600 hadi 700, na mvinyo uliochachushwa vizuri na kukingwa na hewa husubiri miezi. Mwenye tangi hujadili bei akiwa amekaa.

Familia hiyo huokoa pia fedha shambani. Makapi hurudi ardhini kuwa mbolea pamoja na samadi ya zizini, na umwagiliaji wa matone hupunguza maji yanayopotea. Wataalamu hukiita kilimo endelevu. Katika daftari la hesabu ni gharama iliyopungua.

Historia nayo inaonya. Kampuni ya umma ya mvinyo, DOWICO, ilipoanguka katika miaka ya 1990, wakulima wengi walibaki na zabibu zisizo na mnunuzi. Mnunuzi mmoja si soko.

Hivyo mwenye kiinua mgongo anayekimbilia kununua ekari asite kidogo. Mzabibu huchukua miaka miwili hadi mitatu kabla ya kuzaa sawasawa, huku nguzo, waya na maji vikidai fedha. Afadhali familia tano jirani zichangie tangi, mashine ya kusaga na mtaalamu wa vipimo, kwa kuwa mvinyo uliokosewa ni siki. Alama ya ubora ya TBS nayo iwekwe katika bajeti tangu mwanzo. Serikali imekwisha kutoa unafuu: mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini hutozwa ushuru wa bidhaa mdogo kuliko ule wa kutoka nje.

Unafuu huo humfikia mwenye chupa. Mwenye tenga la zabibu barabarani ataendelea kupokea bei ya lori la kwanza kusimama.