Fizikia ya Bendera Isiishie Kwenye Kubonyeza Majibu

Majaribio ya kujibu maswali kwa simu yanasifiwa, na ni haki. Nchini Kenya, Shupavu 291 ya Eneza imewafikishia wanafunzi maswali kwa SMS, hata kwenye simu ya kitochi. Lakini katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mtihani wa taifa, Exetat, tayari una maswali ya kuchagua jibu. Jaribio la kidijitali likiishia hapo, litaongeza mbio za kubahatisha tu.

Eric Mazur, mwalimu wa fizikia Harvard, alionyesha njia nyingine tangu miaka ya 1990: mwanafunzi anachagua jibu peke yake, anabishana na jirani yake, kisha wanapiga kura upya. Vidole vinatosha kupigia kura, intaneti si lazima.

Na huko Bendera, jimboni Tanganyika, swali lipo mlangoni. Mto Kyimbi ndio unaozungusha mitambo inayofua umeme wa Kalemie. Mwalimu aulize: maji yakianguka, yanatoa nishati kiasi gani? Kundi moja lipewe ujazo tu, mita moja ya ujazo, jingine lipewe kimo tu, mita 10. Hakuna kundi litakalolipata jibu, takriban jouli 98,000, bila namba ya wenzao. Hapo ndipo ushirikiano unapokuwa wa kweli, si kukaa benchi moja na kunakili kwa yule hodari.

Programu za PhET za Chuo Kikuu cha Colorado, zinazoigiza majaribio ya sayansi, hutumika pia bila intaneti, na baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Walimu wa Tanganyika waanze na hizo.