Tunadai vitu vyetu virudi, lakini nani atanunua betri?

Unajua kale kapakiti kadogo unakapata ndani ya boksi ya raba mpya? Kale kameandikwa usile? Wengi wetu hukatupa hata kabla ya kujaribu viatu. Sasa nikikuambia kwamba vitu kama hivyo ndivyo vinaweza kuamua kama kipande cha chuma cha miaka 300 kitabaki chuma ama kitageuka unga wa kutu, utasema nimeanza tena. Tulia kwanza.

Mwaka 1697 meli ya Wareno, Santo António de Tanna, ilizama mbele ya Fort Jesus, Mombasa, wakati ngome ilikuwa imezingirwa na Waomani. Ilikaa chini ya maji karibu miaka 280, hadi wanaakiolojia wakaichimba kati ya 1977 na 1980. Walitoa maelfu ya vitu. Mbao za meli yenyewe wakaziacha hukohuko chini. Kuna watu wanaona hapo ni kushindwa. Mimi naona ni akili.

Kwa nini? Kwa sababu kule chini kwa matope hakuna hewa ya kutosha, na kitu kimeshazoea. Shida huanza siku unakitoa. Chuma kilichokaa baharini kimekunywa chumvi hadi ndani. Lazima ukiloweke kwenye dawa miezi, saa zingine miaka, chumvi itoke. Na hata baada ya hapo kinataka hewa kavu sana. Chuma ambacho bado kina chumvi kinataka unyevu wa chini ya asilimia 15 hivi. Hewa ya Mombasa kwa kawaida iko juu ya 70. Fanya hesabu.

Mbao nazo ni kinyume. Zikikauka haraka zinajikunyata na kupasuka. Kwa hivyo huwezi kuweka kila kitu kwa chumba kimoja, uwashe kiyoyozi, uende nyumbani.

Hapo kwa kiyoyozi ndio watu wengi hudanganyika. Mchana kinawashwa wageni wakiwa ndani, jioni kinazimwa ili bili ya stima isipande. Usiku hewa nzito ya pwani inarudi, inapata vitu bado ni baridi, inatoa jasho juu yake, kama chupa ya soda ukiitoa kwa friji. Kesho tena. Huko kupanda na kushuka kila siku kunaweza kuumiza kitu kuliko joto lenyewe. Afadhali kabati dogo la kioo lililozibwa vizuri, na pakiti za silika ndani. Stima ikipotea, kabati halijui. Zile pakiti zikishiba maji unazikausha kwa oveni, unazirudisha.

Na usidhani ni shida ya Afrika pekee. Kule Stockholm kuna meli inaitwa Vasa, ilitolewa majini 1961 na kunyunyiziwa dawa miaka 17. Mwaka 2000 mvua ilinyesha sana, watalii wakajazana na makoti yamelowa, unyevu ukapanda, na asidi na chumvi zikaanza kutokea juu ya mbao. Ni makoti tu, wasee! Ikabidi wafunge mtambo mpya wa hewa. Na British Museum, wale wanaokaa na ngoma ya Wapokomo, Ngadji, tangu enzi za ukoloni, mwaka 2018 paa lao lilivuja ndani ya ukumbi wa sanamu za Ugiriki. Kwa hivyo ile hadithi ya "nyinyi hamuwezi kutunza" sitaki kuisikia. Ngadji irudi, hata kesho.

Lakini acha nikuambie kitu kilinikera. Niliingia makumbusho moja, sitaitaja. Ndani ya kabati kulikuwa na kipimo kizuri cha unyevu, cha kisasa. Kioo chake kilikuwa cheupe, hakuna namba. Nikauliza mzee aliyekuwa analinda chumba. Akasema, "Betri iliisha, mwanangu. Tuliandika barua." Lini? Akacheka tu.

Betri ile ndogo ya mviringo, wasee. Bei ya smokie chache. Lakini hakuna mtu kazi yake ni betri, na hakuna pesa iliyoandikwa jina la betri. Kukiwa na uzinduzi wa jengo, kamera zinakuja na utepe unakatwa. Hakuna mheshimiwa atakuja kukata utepe wa pakiti za silika. Ndio maana mimi sitaki kusikia jengo jipya la makumbusho likiahidiwa kama hatujaambiwa ni nani ameajiriwa kusoma kipimo kila asubuhi, na analipwa ngapi. Huyo mtu mmoja mwenye daftari ni muhimu kuliko marumaru ya mlangoni.

Wikendi ukienda makumbusho, kabla ya selfi, angalia kona ya chini ya kabati. Ukiona kakipimo, niambie kanasoma ngapi. Ukikuta kamezima, uliza kwa adabu, halafu uliza tena mwezi ujao.