Mwizi Hurudi Alikokula

Juzi jioni nilibishiwa hodi na mama mmoja jirani yangu. Alikuja ameshika simu kama mtu aliyepokea habari za msiba. Bintiye amepata nafasi ya kusoma chuo kikuu huko Uingereza, katika mji mdogo ambao sitautaja maana watu wake hawajanikosea lolote. Harambee imefanywa, nauli imepatikana, sanduku limenunuliwa. Sasa mama wa watu, katika kupekuapekua habari za mji huo kwenye intaneti, akakuta imeandikwa kwamba kiwango cha uhalifu katikati ya mji kinashinda cha mitaa mingi ya London.

"Mwalimu," akaniuliza kabla hata hajaketi, "namtoa mtoto kwenye moshi nimtie motoni?"

Nilimpa kiti na kikombe cha chai. Swali lake ni la haki, na maadamu najua wengi mnaousoma ukurasa huu mna watoto ng'ambo, au ninyi wenyewe ni wanafunzi mnaojiandaa kwenda, nimeona tulizungumze leo.

Tuanze na hesabu, na nitaipitia upesi. Hicho kinachoitwa kiwango cha uhalifu hupatikana kwa kuchukua makosa yote yaliyoandikwa na polisi kwa mwaka, kuyagawanya kwa idadi ya wakazi, kisha kuzidisha kwa elfu moja. Sasa chukua mfano huu wa kubuni. Katikati ya mji mdogo pana maduka, benki, baa na kituo cha mabasi. Wanaolala hapo ni watu 500. Jumamosi wanamiminika watu 10,000 kutoka vijiji vya jirani, wa kununua wanunue, wa kunywa wanywe. Vijana wawili wakitwangana nje ya baa, na mwingine akificha chupa ndani ya koti dukani, makosa hayo yote yatagawanywa kwa wale 500 wanaolala hapo, wala si kwa wale 10,000 waliokuja. Kwenye karatasi mji utaonekana pango la majambazi, kumbe ni siku ya soko tu.

Isitoshe, hesabu ya polisi huchanganya mengi katika chungu kimoja. Tangu 2011 polisi wa Uingereza na Wales wamekuwa wakitoa ramani inayoonyesha makosa ya kila mtaa, mwezi kwa mwezi, na mtu yeyote aweza kuisoma, hata akiwa hapa Nairobi. Ni jambo zuri sana, nami natamani tungekuwa nalo. Lakini katika ramani hiyo vijana wanaopiga kelele usiku wanaongeza jumla sawa na mtu aliyevunjiwa nyumba. Kisha kuna yale ambayo polisi hawayajui kabisa, kwa sababu aliyetendewa alinyamaza. Ndiyo sababu mwaka 1982 serikali ya huko ilianza uchunguzi wa kwenda nyumba hadi nyumba kuwauliza watu yaliyowapata, wawe waliripoti au hawakuripoti. Uchunguzi huo unaonyesha kwamba wizi wa kuvunja nyumba ulifika kilele katika miaka ya 1990 na umepungua sana tangu wakati huo. Nazo takwimu za polisi, mwaka 2014 zilinyang'anywa muhuri wa kuaminika na mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo hiyo, kwa kuwa uandikaji wake ulikuwa na kasoro.

Mama alinisikiliza kwa adabu, kisha akanyamaza kidogo. "Hizo ni namba, Mwalimu. Mimi nataka kujua mwizi akija itakuwaje."

Hapo ndipo nilipomsimulia habari za Kirkholt.

Mwana ushirika yeyote ataujua mji wa Rochdale. Uko kaskazini mwa Uingereza, karibu na Manchester, mji wa viwanda vya pamba vya zamani. Ni huko ambako mwaka 1844 watu 28, wafumaji na mafundi wa kawaida, walichanga pauni moja moja wakafungua duka katika kichochoro kiitwacho Toad Lane, wakauza unga, siagi na sukari kwa kipimo cha haki. Kanuni zao zimefika hadi kwenye sacco yako na yangu. Lakini leo sizungumzii duka. Nazungumzia mtaa ulio kusini mwa mji huo, Kirkholt, mtaa wa nyumba za baraza la mji zipatazo 2,280, wenye watu wa kipato cha chini na wengi wasio na kazi.

Mwaka 1985 karibu nyumba moja katika kila nne mtaani Kirkholt iliripoti kuvunjwa. Moja katika nne, msomaji! Hesabu milango ya ploti yako uone. Kiasi hicho kilikuwa zaidi ya maradufu ya kile cha mitaa iliyojulikana nchini humo kuwa ya hatari. Jambo rahisi lingekuwa kuongeza doria, au kuutupia mtaa mzima lawama na kusema watu wake ndivyo walivyo. Badala yake maafisa wa probesheni, polisi, baraza la mji na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Manchester, miongoni mwao Ken Pease, walifanya jambo ambalo halikuhitaji bunduki. Waliuliza. Waliwauliza walioibiwa, wakawauliza majirani wa pembeni mwao, na (hapa ndipo napapenda) wakawauliza wezi wenyewe waliokwisha kamatwa: mlichaguaje nyumba, mliingilia wapi, mlitaka nini?

Majibu yaliwapa mambo mawili.

La kwanza lilihusu mita za stima na gesi. Siku hizo nyumba nyingi za watu wa hali ya chini zilikuwa na mita ya kulishwa sarafu. Ukitaka taa iwake, watumbukiza sarafu. Ikiisha, watumbukiza nyingine. Sarafu hizo zilirundikana ndani ya kisanduku, humo humo nyumbani, mpaka mtu wa shirika aje kuzikusanya. Yaani kila maskini wa Kirkholt alikuwa akilala na benki ndogo ukutani, na kila mwizi alijua ilipo. Karibu nusu ya wizi mtaani humo ulihusu fedha za mita. Mwizi hakuwa na haja ya kujua kama una dhahabu au televisheni ya rangi. Alijua una mita.

La pili ndilo lililonifanya nikakumbuka mambo yangu mwenyewe. Walipopanga kumbukumbu waliona kwamba wizi haukuwa umeenea mtaani kama mvua inayomnyeshea kila mtu. Ulikuwa ukirudi nyumba zile zile. Aliyekwisha vunjiwa mara moja alikuwa katika hatari ya kuvunjiwa tena zaidi ya mara nne kuliko mtu ambaye hajaguswa. Sababu zenyewe si za ajabu. Mwizi amekwisha jua mlango ulio dhaifu, amekwisha jua vyumba vilivyo, na anajua kwamba kilichoibiwa kitanunuliwa kingine. Kwa Kirkholt, anajua pia kwamba mita itajaa tena.

Ngoja niwape kisa kidogo. Mwaka 1996 mimi mwenyewe nilivunjiwa nyumba, wakachukua redio na televisheni. Asubuhi majirani walikuja na pole nyingi, chai ikanywewa, wakaenda zao kazini. Nikajikaza nikanunua televisheni nyingine. Hata wiki tatu hazikuisha, wageni wangu wakarudi, tena kwa dirisha lile lile ambalo nilikuwa nimelipigilia ubao kwa misumari miwili. Nilidhani nina nuksi. Jamaa mmoja akanishauri nitafute mganga anitazamie adui yangu ni nani. Niliaibika hata sikuripoti mara ya pili, basi kwenye hesabu ya polisi ule wizi haukutokea. Kumbe sikuwa na nuksi wala adui. Nilikuwa na televisheni mpya na ubao wa misumari miwili.

Turudi Kirkholt. Mwishoni mwa 1986 na kuingia 1987 kazi ilianza, nayo haikuanza kwa kila nyumba. Ilianza kwa wale waliokwisha kuibiwa, maana ndio waliokuwa wakingojewa na mwizi. Mita za sarafu zikaanza kuondolewa. Milango na madirisha yakatiwa nguvu pale hasa ambapo uchunguzi ulionyesha wezi hupitia, wala si pale ambapo muuza makufuli angependa. Wafanyakazi wa mradi wakaenda kumketisha aliyeibiwa, wakamsikiliza na kumsaidia. Kisha wakapita kwenye nyumba zilizoizunguka nyumba ile, sita hivi, za pembeni, za mbele na za nyuma, wakawaomba wenyeji jambo dogo: fulani ameibiwa, twaogopa watarudi, tafadhali itupieni jicho nyumba yake, na mkiona jambo semeni.

Linganisha na vikundi vya ujirani mwema ambavyo Waingereza walikuwa wamekwisha vizoea. Kikundi cha kwanza cha namna hiyo nchini humo kilianzishwa mwaka 1982 katika kijiji cha Mollington, jimbo la Cheshire, na baada ya hapo vibandiko vyake vikatapakaa madirishani nchi nzima. Sina ugomvi na vibandiko. Ila naona mara nyingi vikundi hivi hushika mizizi pale ambapo watu wana bustani na magari na wezi ni wachache, na mitaa inayoibiwa hasa hubaki bila kitu, kwa kuwa mtu anayeogopa jirani yake hawezi kumwalika mkutanoni. Kirkholt hawakumwambia mtu alinde mtaa mzima. Walimwambia alitazame dirisha moja, la mtu anayemjua, kwa muda ule ambao hatari ni kubwa. Hilo hata bibi kizee mwenye miwani anaweza.

Matokeo yalikuwaje? Katika mwaka uliotangulia kazi hiyo, nyumba zilivunjwa mara 526. Mwaka uliofuata mara 223, kisha 167, kisha 132. Ule wizi wa kurudiwa ulikoma kabisa katika miezi ya mwanzo. Wengi walidhani wezi wangehamia mitaa ya karibu, lakini huko nako wizi ulipungua, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi. Na hawakuishia kwenye kufuli. Kwa kuwa baadhi ya wezi walikuwa watu wa papo hapo, wenye madeni na bila kazi, awamu ya pili iliingia shuleni, ikawashughulikia waliokuwa chini ya maafisa wa probesheni, na kukaanzishwa chama cha akiba na mikopo ili mwenye shida asiangukie mikononi mwa wakopeshaji wa riba za kunyonya. Chama cha akiba, Rochdale! Wale wazee 28 wangefurahi.

Nisiwadanganye kwamba ilikuwa dawa ya mwarobaini. Mambo mengi yalifanywa kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna awezaye kuapa ni lipi lililomfukuza mwizi: mita, kufuli, au yale macho sita. Na mitaa mingine iliyojaribu kuiga, ikanakili makufuli bila kuuliza maswali kwanza, haikupata mafanikio yale yale. Mimi, kwa kuwa nimepigilia ubao kwa misumari miwili, nina mwelekeo wa kuyaamini macho.

Nilipomaliza, chai ya mama ilikuwa imepoa. Alifikiri, halafu akauliza maswali ya mzazi hasa. Bintiye akiibiwa huko, amwambie nani? Nikamwambia ampigie polisi simu, kisha amwambie mwenye nyumba au ofisi ya malazi ya chuo mlango utengenezwe siku hiyo hiyo, wala asikubali kuambiwa Jumatatu. Na majirani? Hapo alinitazama kwa shaka, maana ameambiwa Wazungu hawajuani milango. Nikamwambia abishe hodi hata hivyo, aseme jina lake, na siku akiibiwa asione haya kuwaeleza wa kushoto na wa kulia. Asifanye kama mimi.

"Na ile ramani ya polisi?" akauliza akiwa amesimama kuondoka.

Nikamwambia aisome, ila asitazame jumla. Atafute mtaa wenyewe ambako binti atalala, aone makosa ya kuvunja nyumba ni mangapi, na aone yanatokea mwezi gani. Tukaifungua pamoja kwenye simu yake. Katika mtaa ule, kwa miezi mitatu iliyokuwepo, hatukuona nyumba hata moja iliyovunjwa. Zilikuwepo kelele za usiku, na baiskeli zilizoibwa, nyingi tu.

Jana nimekutana naye akitoka dukani kwa fundi wa chuma. Amemnunulia binti kufuli kubwa kama ngumi ya bondia, la kutia mlangoni. Nimemshauri amwambie alifungie baiskeli.