Mtazamaji na aseme, ila atoe sababu

Tarehe 15 Agosti 1975 filamu ya Sholay ilianza kuonyeshwa mjini Bombay, na siku zake za mwanzo hazikuwa njema. Wahakiki waliiponda. Wafanyabiashara wa sinema walipiga hesabu ya fedha zilizotumika, wakaangalia mahudhurio, wakatabiri hasara. Hofu iliwafikia wenye filamu wenyewe, wakakaa kitako kujadili kama waupige upya mwisho wake ili Jai, mhusika aliyeigizwa na Amitabh Bachchan, asife. Walikuwa wanaogopa kuvunja kanuni ambayo kila mtoto aliyekulia kwenye mabanda ya video ya Afrika Mashariki anaijua: steringi hafi. Mwongozaji Ramesh Sippy akaamua kusubiri. Waliotoka ukumbini wakawasimulia waliobaki nyumbani, waliosimuliwa wakaenda kujionea, wakarudi tena na jamaa zao, na filamu ikadumu katika ukumbi wa Minerva kwa zaidi ya miaka 5. Jai aliachwa afe, na hadi leo Sholay inatajwa popote pale watu wanapoorodhesha picha bora za Kihindi.

Kisa hicho kinajibu swali linalozuka kila watu wanapobishania muvi: maoni ya mtu wa kawaida, ambaye hakusomea sinema na hajawahi kushika kamera, yana uzito gani? Wapo wanaoyapuuza, wakisema kazi ya kupima filamu waachiwe wataalamu. Wapo wanaoyatukuza, wakisema wengi hawakosei. Mimi nasema mtazamaji wa kawaida ndiye anayeamua hatimaye filamu ipi iishi na ipi isahaulike, na kwamba uamuzi wake unafaa kuheshimiwa pale anapotaja sababu. Kwetu maoni tunayo tele. Sababu ndizo tunazozionea uvivu.

Hebu tuangalie kilichowafanya watazamaji wa mwaka 1975 wakubali kifo ambacho wenye filamu walikiogopa. Tangu mwanzo wa Sholay, Jai na rafiki yake Veeru huamua mambo kwa kurusha sarafu. Wanapozidiwa na majambazi wa Gabbar Singh, Jai akiwa tayari amejeruhiwa, anarusha sarafu ile kuamua nani abaki kupambana na nani aondoke na msichana Basanti. Kura inaangukia kwa Jai kubaki, na Veeru anakwenda. Anaporudi na kumkuta rafiki yake anakata roho, ndipo anapoitazama ile sarafu na kugundua kwamba ina sura moja pande zote mbili. Jai hakuwa akibahatisha, alikuwa akiamua. Mtazamaji anayekwambia kwamba kifo kile kinauma kwa sababu kilichaguliwa, na kwamba sarafu ilikuwa mbele ya macho yetu muda wote, huyo amefanya uhakiki kamili. Hakuhitaji cheti. Alihitaji kutazama kwa makini na kukumbuka alichokiona.

Marekani nako kuna mfano ambao wapenzi wengi wa muvi wanaujua. The Shawshank Redemption ilitoka mwaka 1994, mwaka ule ule wa Forrest Gump na Pulp Fiction. Wahakiki wengi waliisifu, ikapendekezwa kwa tuzo 7 za Oscar, lakini haikupata hata moja, na kwenye kumbi za sinema haikurudisha gharama zake katika maonyesho ya kwanza. Iliokolewa na watu waliokodi kanda za video mwaka 1995, kisha na wale waliokutana nayo kwenye televisheni ilipokuwa ikirudiwa mara kwa mara. Tangu mwaka 2008 imekaa kileleni mwa orodha ya filamu zinazopendwa na wapigakura wa mtandao wa IMDb. Hakuna kampuni iliyowalipa watu hao wamwambie jirani kwamba ipo hadithi ya mfungwa mmoja na nyundo yake ndogo, usipoimaliza utajuta.

Mtu atauliza kama wataalamu basi hawana kazi. Wanayo, na ni kubwa. Lakini hata wao hawajawahi kukubaliana kwa muda mrefu. Jarida la Uingereza la Sight and Sound huwauliza wahakiki kila baada ya miaka 10 filamu bora kuliko zote ni ipi. Mwaka 1952 walichagua Bicycle Thieves ya Italia. Kuanzia 1962 hadi 2002 nafasi ya kwanza ilishikwa na Citizen Kane ya Orson Welles. Mwaka 2012 ikapanda Vertigo ya Alfred Hitchcock, picha ambayo ilipotoka mwaka 1958 haikupokelewa kwa shangwe. Mwaka 2022 ikawa zamu ya Jeanne Dielman ya Chantal Akerman, filamu ya zaidi ya saa 3 inayomfuata mama mjane akipika, akimenya viazi na kupanga vyombo. Filamu zenyewe hazikubadilika hata sekunde moja katika miaka hiyo. Kilichobadilika ni mazungumzo, na aina ya watu walioruhusiwa kuyashiriki. Nani basi ana haki ya kumwambia mama wa Temeke au Likoni kwamba yeye hana la kuongeza?

Hasa kwetu sisi, ambako mazungumzo hayo yana mizizi. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures cha mwaka 2018, alikusanya kumbukumbu za watu waliokwenda sinema Zanzibar, Dar es Salaam na miji mingine ya Tanzania, na picha inayojitokeza ni ya jamii ambayo kwayo filamu haikuisha taa zilipowashwa. Ilihamia barazani na jikoni. Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951, iliwapa watu wa Zanzibar jambo zito la kujadili: hakimu anaamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na mtu aliyeumizwa na imani hiyo analipiza kisasi kwa kumfanya mtoto wa hakimu mwenyewe, Raj, kuwa mwizi. Hapo waliobishana walikuwa wanajadili malezi, nasaba, mapenzi na mamlaka ya wazazi juu ya ndoa, wakiutumia mfano ambao wote walikuwa wameuona. Mtu akisema Raj hana kosa, alitakiwa aonyeshe ni wapi.

Mabanda ya video yaliendeleza kazi hiyo kwa namna yake. Mabenchi yamepangwa, televisheni iko juu ya rafu, ubao wa nje umeandikwa kwa chaki majina ya picha za siku, na sauti ya mtafsiri inapita juu ya sauti ya waigizaji. Lufufu nchini Tanzania, DJ Afro nchini Kenya na VJ Jingo nchini Uganda hawakuishia kutafsiri maneno. Walimpa adui jina la mtaani, wakamsuta, wakamtetea msichana aliyeonewa, wakaeleza kwa nini steringi amekosea kumwamini rafiki yake. Msomi anaweza kulalamika kwamba walimharibia mwongozaji kazi, na kwa upande wa uaminifu wa tafsiri ana hoja. Lakini walichokuwa wakikitoa ni maoni yenye sababu, papo hapo, mbele ya wateja ambao wasiporidhika watahamia banda la pili.

Pingamizi zito kuliko yote ni kwamba watu wengi hupenda kelele: magari yanalipuka, risasi haziishi, na picha tulivu inakosa mtu. Ni kweli kwamba mauzo ya tiketi ya wiki ya kwanza mara nyingi hupima ukubwa wa tangazo. Ndiyo maana nasisitiza kutenganisha tiketi na maoni. Tiketi hununuliwa kabla ya kuona, maoni huja baadaye, na maoni ya kuaminika zaidi ni yale yanayobaki mwaka wa 5 au wa 10. Ukimpa nafasi huyo huyo mpenda risasi aeleze, utashangaa anavyoona mbali. Chukua ule ubishi wa kila siku kati ya wazee wanaosema mapigano ya kweli yalikuwa ya Bruce Lee na vijana wanaosema picha za zamani zinachosha. Katika Enter the Dragon ya mwaka 1973, Bruce Lee anapopigana kamera mara nyingi inakaa mbali kiasi cha kukuonyesha mwili mzima, kwa hiyo unaona teke linapoanzia na linapoishia. Picha nyingi za miaka ya karibuni zimekatakata pigano vipande vipande hivi kwamba hujui nani kampiga nani. Hapo mzee ana haki. Ila kijana naye anaweza kumwonyesha John Wick ya mwaka 2014, iliyoongozwa na Chad Stahelski, aliyewahi kuchukua nafasi ya Keanu Reeves katika matukio ya hatari ya The Matrix, ambayo inairudisha kamera nyuma na kuacha pigano lionekane. Ubishi uliokuwa wa umri umekuwa wa ufundi, na kila mmoja ameondoka na kitu cha kwenda kutazama.

Kuhusu wale wanaodai kwamba zamani kila kitu kilikuwa bora, wakumbuke kwamba muda umewachujia. Mwaka 1975 ulikuwa na picha mbovu chungu nzima. Tumezisahau, tukabaki na Sholay, kisha tunailinganisha na takataka yoyote ya wiki hii.

Hatari ninayoiogopa zaidi ni maoni ya mtu ambaye hajaiona filamu. Februari 2019 mtandao wa Rotten Tomatoes ulilazimika kuzuia watu kuandika maoni kabla filamu haijatoka, kwa sababu makundi yalikuwa yakizishambulia filamu kama Captain Marvel wakati hakuna aliyekuwa amekaa kuzitazama. Kenya ilikuwa na kisa chake mwaka 2018, Rafiki ya Wanuri Kahiu ilipopigwa marufuku: nchi nzima ikabishana kuhusu filamu ambayo karibu hakuna aliyeiona, mpaka Mahakama Kuu ilipoifungulia kwa siku 7 mwezi Septemba na kumbi zikajaa. Mtu anaweza kuikataa Rafiki kwa imani yake, au kuikubali kwa imani yake, na hiyo ni haki yake. Lakini anayeniambia inasimuliwa vizuri au vibaya lazima kwanza awe amekaa kitini akaitazama hadi mwisho.

Hapa ndipo tunapowakosea waigizaji na waongozaji wetu. Sentensi inayosikika kila kona, kwamba muvi za Bongo ni za hovyo, haimsaidii yeyote. Mtayarishaji hawezi kuirekebisha. Mtazamaji anayesema kwamba upepo ulimeza maneno kwenye mazungumzo ya ufukweni, kwamba hadithi ya saa moja na nusu ilivutwa ili iuzwe sehemu ya kwanza na ya pili, kwamba muziki ulipigwa juu ya maneno tangu mwanzo hadi mwisho, huyo amempa mtayarishaji orodha ya kazi. Na sifa nazo zinahitaji sababu. Steven Kanumba alipofariki Aprili 2012, umati uliojitokeza kumzika ulionyesha jinsi alivyopendwa. Ni aibu kwamba miaka mingi baadaye ni vigumu kupata maandishi yanayoeleza alifanya nini mbele ya kamera ambacho wenzake hawakukifanya. Waliomtazama wanajua. Hatujawauliza.

Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, ingefaa iwe mwanzo mpya. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi ambayo wanafunzi wetu wameisoma darasani. Maelfu ya wasomaji wanawajua wahusika wake Yasmin na Denge na wanaweza kusema, bila msaada wa profesa, nini kimebaki cha riwaya, nini kimeachwa, na kama Zanzibar ya ukoloni waliyoijenga kichwani ndiyo waliyoikuta kwenye skrini. Magazeti ya Kiswahili yanatenga kurasa nzima kwa uchambuzi wa mechi, na wasomaji wameifikisha lugha ya soka mbali sana kwa sababu wamepewa nafasi. Wahariri watenge angalau nusu ukurasa kwa wiki kwa barua za watazamaji wa filamu, kwa sharti moja tu: anayesifu au kuponda ataje tukio moja alilolitazama.

Na watazamaji wapewe cha kutazama. Arusi ya Mariamu ya mwaka 1985, na Maangamizi ya mwaka 2001, ambayo ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania Oscar, ni filamu ambazo vijana wengi wanaosema nchi yetu haina sinema ya maana hawajapata kuziona. Vituo vyetu vya televisheni vizungumze na wenye haki za filamu hizo, viziweke hewani saa za jioni, kisha vifungue simu. Vianze na Arusi ya Mariamu. Ni filamu fupi, haifiki hata saa moja.