Kumjua Mwimbaji Kabla ya Sifa ni Amana

Mtu akikaa barazani hapa Mombasa baada ya Alasiri, na mazungumzo yakafika kwenye taarabu, hakosi kumsikia mzee mmoja akisema: "Huyo mimi nalimjua kabla hajawa mtu." Kisha ataitaja harusi, atautaja mtaa, ataieleza kanzu aliyoivaa mwimbaji usiku ule na jinsi sauti yake ilivyokuwa bado changa. Wenzake watatikisa vichwa. Mwingine atadai kwamba yeye alimjua mapema zaidi, na hapo ndipo ubishi huanza.

Majisifu haya hayanichukizi. Msikilizaji ana haki ya kufurahi kwamba sikio lake lilitangulia. Lakini ninalo swali, na nawaomba wasomaji wenzangu tuulizane bila ya kuoneana haya: yule tuliyemjua kabla, tulimfanyia nini? Kwa maoni yangu, mtu aliyemjua mwimbaji kabla ya sifa amebeba amana, na amana sharti irudishwe kwa mwenyewe.

Na tuanze na mfano unaojulikana na wengi. Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Unguja, kwa watu maskini, na jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Alikuwa akichukua vyungu na kuvitembeza mjini kuviuza. Mwaka 1911 alihamia mjini. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, Bara Hindi, akarekodi sahani za His Master's Voice, na jina lake likaenea pwani nzima. Kati ya safari hizo mbili ipo miaka 17, na hiyo ndiyo miaka ninayotaka tuitazame.

Katika miaka hiyo, hapakuwa na kampuni yoyote iliyomjua Siti. Waliomjua ni watu wa mjini. Alitokea mpiga muziki mmoja aliyevutiwa na sauti yake, akajitolea kumfundisha kuimba kwa kufuata ala. Wakaja akina Subeti, Buda, Mwalimu Shaaban na Mbaruk, wakaketi naye, wakapiga naye. Wakatokea pia wa kumkejeli kwa asili yake na vyungu vyake. Basi alipofika Bombay alikuwa ameshapikwa na mji akaiva. Kampuni ilipakua tu.

Hayo tunayajua kwa sababu wako walioandika, na wa mbele miongoni mwao ni Shaaban Robert, katika Wasifu wa Siti binti Saad. Hata hivyo, tazama jinsi kumbukumbu ilivyo dhaifu. Yule aliyemfundisha Siti, vitabu vingine humwita Muhsin Ali na vingine humwita Ali Muhsin. Ikiwa mtu aliyeishika mkono sauti kubwa kama ile jina lake linageuzwa mbele nyuma, itakuwaje kwa wale ambao hawakuandikwa kabisa?

Mfano wa pili ni Fatuma binti Baraka, ambaye sote tulimwita Bi Kidude. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Uingereza, na wageni wengi wakamsikia kwa mara ya kwanza akiwa ni bibi kizee. Lakini kina mama wa Unguja walikuwa wamemjua kwa miaka mingi, wakimwita kwenye harusi na kwenye unyago awafunde mwari wao. Alifariki tarehe 17 Aprili 2013. Nauliza: kama tuzo ile isingekuja, ni wangapi kati yetu wangemhesabu kuwa ni hazina? Mara nyingi sisi huhitaji mtu wa mbali atuambie kwamba kilichomo chumbani mwetu ni dhahabu.

Hapa Mombasa mambo yalikuwa ni hayo hayo. Mwaka 1990 kampuni ya London iitwayo GlobeStyle ilitoa kazi ya Maulidi Juma na wenzake, na jina la albamu hiyo ni Mombasa Wedding Special. Mwaka huo huo ikatoa na ya Zein l'Abdin, fundi wa udi aliyetoka Lamu. Ulaya ilidhani imegundua kitu kipya. Lakini jina lenyewe la ile ya kwanza linakiri kwamba kitu kilitoka harusini, na harusini hakuna aliyekuwa akimngoja Mzungu ndipo asikilize. Kabla ya hapo palikuwa na santuri za lebo ya Mzuri, zilizotolewa hapa hapa mjini, na palikuwa na kanda zilizokwenda mkono kwa mkono kutoka Kibokoni hadi Lamu.

Sasa nifike kwenye uchungu wenyewe. Ami yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha kikapu kilichojaa kanda. Nimezipitia moja moja. Moja imeandikwa kwa kalamu ya wino: "Harusi, Kisauni." Hakuna mwaka, hakuna jina la mwimbaji, hakuna jina la mtunzi. Mwimbaji ni kijana mwenye sauti tamu inayopanda bila ya kukazwa, na watu wanasikika wakimshangilia na kumtunza. Nimewauliza wazee watatu. Wawili wamenipa majina mawili mbalimbali, na wa tatu amesema aliyemjua kijana yule amekwisha kuzikwa. Wote waliokuwako usiku ule walimjua kabla, lakini hata mmoja hakuandika.

Mtunzi naye husahauliwa zaidi kuliko mwimbaji. Tulimpenda Juma Bhalo kwa yale mahadhi yake ya Kihindi, na alipofariki mwaka 2014 mji ulihuzunika. Lakini muulize kijana wa leo ni nani aliyetunga maneno ya nyimbo alizoimba bwana yule. Ni wachache watakaokuambia kwamba baadhi yake ni za jamaa yake, Ahmad Nassir Juma Bhalo, yule yule wa Malenga wa Mvita. Neno ndilo linalotufanya turudie wimbo miaka arubaini, na mwenye neno hatumtaji.

Msomaji ataniambia: hayo ni ya zama za kanda, siku hizi kila mtu ana simu ya kurekodi. Ni kweli, na ndiyo maana nasema leo. Nenda harusi yoyote utaona simu thelathini zimeinuliwa. Kesho yake wimbo umefika Maskati na Toronto, na chini yake pameandikwa "harusi kali" basi. Yule kijana wa kinanda aliyekesha hadi alfajiri hana jina, na akilipwa, hulipwa nauli. Tumepata chombo bora kuliko cha ami yangu, na tumekuja na uzembe ule ule.

Lipo na jambo jingine linalotaka adabu. Wako kina mama wanaoimba katika majlisi ya wanawake watupu, na hawataki sauti zao zitoke nje ya ukumbi ule. Hao nao tumewajua kabla, na amana yao ni kunyamaza. Kabla ya kuisambaza sauti ya mtu, muulize. Akikataa, sifa yake ibaki pale alipoichagua. Ama hukumu ya muziki, lipi linafaa na lipi halifai, hiyo nawaachia masheikh wetu. Mimi nazungumzia haki ya mtu kwa jina lake na kwa jasho lake, na katika hilo sidhani tutahitilafiana.

Tufanye nini basi? Naona mambo matatu, na hayahitaji serikali wala mfadhili. Kwanza, kila mwenye kanda au santuri nyumbani akae na mzee mmoja aliye hai, waisikilize pamoja, aandike jina la mwimbaji, la mtunzi, la mtaa na la mwaka, hata kama mwaka ni wa kukisia. Pili, anayeituma sauti ya harusi kwa simu aandike chini yake jina la aliyeimba na la aliyetunga, baada ya kupata ruhusa. Tatu, mwenye harusi amlipe mwimbaji malipo waliyoagana kabla ya siku, na yale ya kutunzwa yawe ni nyongeza yake.

Mzee wa barazani akifanya hayo, naye aseme kwa kifua kipana kwamba alimjua fulani kabla ya watu. Nitakuwa wa kwanza kumwitikia. Nami ile kanda ya Kisauni bado ninayo, na kama yuko msomaji aliyekuwako kwenye harusi ile, namkaribisha tuisikilize.