Kinoo Kimekosa Nini?

Najua wapo watakaoguna: kinoo na jarida la fasihi wapi na wapi? Guneni tu. Mwandishi gani anayesifia machozi ya mama anapokata kitunguu, asijue kwamba kisu butu ndicho kinachoyazidisha? Kisu butu hakikati kitunguu, kinakiponda, na maji yake yanarukia machoni.

Dada yangu alijikata kidole akikata nyanya. Nyumba nzima ikalaani kisu, eti kikali mno. Uongo mtupu! Kilikuwa butu. Alikikandamiza, kikateleza kwenye ganda, kikaishia kidoleni. Kisu kikali hakihitaji kusukumwa.

Kesho yake nikakimbilia dukani, nikauziwa kile kidude cha plastiki chenye vyuma viwili vilivyokaa kama herufi V. Vuta mara tatu, kazi kwisha! Kweli kilikata. Wiki haikuisha, ubutu ukarudi, tena makali yakawa na meno kama msumeno. Vidude hivi havinoi, jamani, vinakwangua. Kila ukivuta, unakula kisu.

Wengine mtasema kuna fundi wa baiskeli. Sawa, kisu kilichomeguka mpelekee. Lakini jiwe lake linalozunguka hula chuma upesi. Si la kila wiki.

Kinoo, je? Nunua cha pande mbili, mmoja wa chenga, mmoja laini. Namba ikiwa ndogo, chenga ni kubwa: 400 ni ya kisu kilichochakaa, 1000 yatosha jikoni. Kilowanishe maji. Simamisha kisu wima, kilaze nusu, kisha nusu tena. Hapo ni kama nyuzi 22. Sugua upande mmoja hadi gumba lihisi kijikunjo cha chuma upande wa pili, ndipo ugeuze. Huna hela? Pindua kikombe cha udongo: ule ukingo wa chini usiong'arishwa unanoa vilevile.

Dakika kumi hizo ndizo zinazotushinda vijana. Tunataka mivuto mitatu tu, kwenye visu na kwenye hadithi zetu pia. Rasimu ya kwanza tunaikimbiza kwa mhariri, ikirudi tunanuna. Wahenga walishasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Hawakusema aliyenunua kidude.

Anayebisha aje na kisu chake na nyanya moja iliyoiva. Mimi nitakuja na changu.