Usiniambie anavaa namba ngapi, niambie mguu una sentimita ngapi

Mama zangu, na akina baba mnaosoma kimya kimya, karibuni sehemu ya tano ya mfululizo wetu wa mtoto wa shule. Macho tumemaliza, meno tumemaliza. Leo tunashuka chini kabisa: miguu.

Msimamo wangu nauweka mapema tusizungushane. Kumnunulia mtoto kiatu kwa umri wake, au kwa namba ya mwaka jana ukiongeza moja, ni kubahatisha. Kiatu kinunuliwe kwa sentimita. Na muuzaji asiye na hata rula dukani naye anabahatisha, ila kwa hela yako.

👣 1. TATIZO LINAANZIA KWENYE SWALI

Januari unaijua. Duka limejaa, foleni hadi nje, muuzaji anakuuliza, "Ana miaka mingapi?" Unajibu sita. Anakupa 30, unalipa, unaondoka. Mguu haujaangaliwa na mtu. Chungulia darasa lolote la kwanza uone: watoto wa umri mmoja, miguu haifanani hata kidogo.

Halafu namba zenyewe zina mambo. Kwa namba za Ulaya, hizi za 28, 30, 32, kila namba inaongeza kama milimita 6.7. Za Uingereza zinaongeza kama milimita 8.5, na za watoto zikifika 13 zinaanza tena 1. Kwa hiyo kwenye mtumba, raba iliyoandikwa 1 inaweza kuwa ya mtoto mchanga au ya mtoto mkubwa wa shule. Za Marekani nazo zina hesabu yake. Na viwanda viwili vinaweza kuandika namba moja kwenye viatu visivyolingana. Rula haina mambo hayo.

👣 2. MTOTO ANAWEZA ASISEME KITU

Usisubiri aseme "mama kinabana". Mtoto anazaliwa sehemu kubwa ya mifupa ya unyayo ikiwa bado gegedu, na inaendelea kukomaa hadi ujanani. Mguu wake ni laini, unajikunja kufuata kiatu. Atakwambia hauumi, na wala hadanganyi.

Wewe angalia haya: malengelenge kisiginoni, alama za kiatu zinazochelewa kufutika kwenye ngozi, vidole vilivyojikunja, kucha ya kidole gumba inayozama kwenye nyama. Angalia pia tabia. Mtoto anayekanyaga kisigino cha kiatu hadi kikalala, au anayevua viatu kila akipata nafasi, si lazima awe mtundu. Huenda anakwambia jambo. Ukiona kucha imevimba na inatoa usaha, usikate nyumbani kwa wembe. Mlete kituo cha afya.

👣 3. "NACHUKUA KIKUBWA AKUE NACHO"

Hapa najua nagusa mfuko, na sitaki kumhukumu mtu. Viatu ni hela, na nyumba ina watoto watatu. Lakini tupige hesabu vizuri.

Kiatu kinachopwaya mtoto anakishika kwa kukaza vidole. Kisigino kinapanda na kushuka, ngozi inachubuka. Akikimbia anajikwaa. Mnaweka pamba au gazeti mbele, lakini nyuma bado kinachomoka. Kwa kuwa anakiburuta, soli inaisha na kiatu kinakunjika mahali pasipo pake. Ile siku mguu unakienea, kiatu kimeshachakaa! Hicho kimekula hela na hakikumfaa siku hata moja.

Nafasi ya kukua iwepo, ndiyo, ila iwe ya sentimita 1 hadi 1 na nusu mbele ya kidole kirefu. Basi. Ikifika 3 huyo anavaa mtumbwi.

👣 4. PIMA NYUMBANI, DAKIKA TANO

Unahitaji karatasi, penseli na rula ya shule.

• Pima jioni, miguu huwa imevimba kidogo. Kama atavaa soksi shuleni, avae na sasa hivi.
• Weka karatasi sakafuni, kisigino kiguse ukuta. Asimame wima, uzito kwenye miguu yote miwili. Akikaa, mguu unaonekana mfupi.
• Weka alama mbele ya kidole kirefu zaidi. Kwa wengine ni cha pili, si kidole gumba.
• Pima miguu yote miwili. Mara nyingi haifanani. Fuata ule mkubwa.

Tuseme umepata sentimita 18. Ongeza 1 na nusu, unapata 19.5. Zidisha kwa moja na nusu: 29 na kidogo. Anza kujaribu namba 29 ya Ulaya.

Sasa ujanja kwa anayekwenda Kariakoo na kumwacha mtoto nyumbani. Kata kipande chembamba cha boksi chenye urefu wa mguu ukiongeza sentimita 1. Kiweke kwenye pochi. Dukani kiingize ndani ya kiatu hadi mbele. Kikijikunja, kiatu ni kidogo, rudisha. Kikicheza zaidi ya nusu sentimita, ni kikubwa, rudisha pia. Hata uambiwe "kitatanuka mama", amini boksi lako.

👣 5. AKIWEPO MTOTO

Avae vyote viwili, asimame, atembee. Bonyeza mbele na pembeni. Kisigino kisichomoke. Chagua cha kamba au mkanda, maana kinashika mguu hata kikiwa na nafasi kidogo. Cha kurithi kutoka kwa kaka yake kipimwe vilevile, na kama soli imeliwa upande mmoja, kiache.

Anayejifunza kutembea, ndani pasafi, mwache peku. Nje avae, tuna minyoo ya safura na misumari. Wa chini ya miaka mitatu mpime kila baada ya miezi miwili au mitatu. Wa shule mpime kila muhula unapoanza.

👣 6. KWENU WAUZA VIATU

Wengi mnafuatilia ukurasa huu, nawaona. Bandikeni rula sakafuni, wekeni kibao kidogo cha kuzuia kisigino. Mama aliyepimiwa mtoto vizuri harudi kugombana, anarudi kununua, na anamleta jirani.

Mama, leo jioni kabla hajalala, mpime. Kisha ingiza kipande cha boksi kwenye viatu anavyovaa kesho shuleni. Kikijikunja, usisubiri Januari.

Sehemu ya sita: mgongo na begi la shule. Mtumie hii mwenzako mwenye mtoto wa awali.